Kizibo cha Tatu

Mpaka leo sijaelewa kwa nini maji ya injini ile yalikuwa moto. Gari lilikuwa limelala nje tangu jana yake, kwenye mvua ya Aprili 1994, na baridi ya Litein naijua. Niliwahi kumweleza fundi mwenzangu. Nikamweleza hata pasta aliyeongoza mazishi.

Kimeli alinifuata gereji jua likielekea kutua. Pikapu yake ilikuwa inavuja ubavuni, kwenye vile vizibo vitatu vya bati vinavyoziba matundu ya bloku ya injini. Mkewe, Janeffer, alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu jana yake. Walikuwa njiani kwenda hospitali maji ya injini yakaisha, na dakika hiyohiyo chupa ya uzazi ya Janeffer ikapasuka palepale kitini. Majirani wakasukuma gari mpaka nyumbani. Barabara ilikuwa matope matupu. Hakuna dereva mwingine aliyekubali kushuka kule kwao.

Nilitia vizibo vipya mfukoni, nikachukua nyundo, bisibisi na koleo.

"Fanya haraka, Ombati," Kimeli akasema tulipofika kwake. Kisha akajaribu kucheka. "Lakini usigonge kama mnavyochonga mawe huko kwenu Kisii."

Nikainama kwenye injini. Ndani ya nyumba Janeffer alikuwa akilia kwa sauti iliyokauka.

Nikatoboa kizibo cha kwanza. Injini ilidaiwa kuishiwa maji, lakini maji yakanitiririkia mkononi.

Moto.

Hayakunuka kutu. Yalinuka kama zizi ambamo ng'ombe anazaa.

Nikang'oa bati bovu, nikasugua tundu, nikapaka gundi, nikagonga kizibo kipya mpaka kikakaa.

Kilio kikapungua. Nikamshukuru Mungu.

Nikabadilisha cha pili. Kilio kikawa mguno.

Nikabadilisha cha tatu...

Kimya.

Tecla, mama yake Kimeli, akatoka na taa. Akapapasa ubavu wa injini kama anayetafuta kidonda.

"Nani alikwambia ufunge?" akanong'ona.

"Ilikuwa inavuja, gogo," nikasema, nikimwita bibi kwa lugha yao.

"Mwanamke akiwa na uchungu, nyumba hii haifungi kitu. Hukuona lango?"

Nilikuwa nimeliona. Lango wazi, zizi wazi, hata vibuyu vya maziwa vimepangwa ukutani bila vifuniko. Nilidhani ni fujo ya watu walio na shida.

"Uchungu umekatika," Tecla akasema. "Gari hili na yeye walipasuka pamoja. Sasa umewafunga pamoja."

"Basi twende hospitali. Gari liko tayari."

"Nendeni. Mkimpeleka amefungwa hivi, yeye atapona. Mtoto, hapana." Akaonyesha kizibo cha tatu kwa kidole. "Ukitoboa hapo, mtoto atakuja. Lakini hayo maji ni ya Janeffer. Yatatoka yote, na uhai wake."

Sauti nyembamba ikatoka ndani. "Fundi... umemaliza? Gari litaenda?"

Nikafuta mkono kwenye suruali.

Ningeweza kusema huo ni ushirikina. Nimesoma vitabu, najua maji hupata moto kwa nini na hupoa kwa nini. Lakini mkono wangu ulikuwa bado unanuka. Tecla simlaumu, alikuwa akilia alipoyasema. Hata Kimeli sijui nimhukumu vipi. Baba yake alikuwa amekufa akingoja mjukuu wa kiume, na alikufa akimtazama yeye.

"Nina wasichana wanne, Ombati," akasema.

"Na mke mmoja."

Akageuza uso.

"Wewe fundi ama pasta?" Sauti ilikuwa ndogo sana. "Mama, mtoto atakuwa mzima?"

"Atakuwa mzima."

"Kijana?"

"Sijui, mwanangu."

Akasimama pale. Mvua ikaanza tena, nyepesi, ikigonga boneti. Nilimngoja aseme twende. Nilimngoja kweli.

"Toboa," akasema.

"Toboa mwenyewe."

Akachukua bisibisi yangu. Ikamponyoka, ikaanguka matopeni. Akaiokota, ikamponyoka tena. Akanitazama. Tecla akasogeza taa karibu na bloku, na hakumtazama yeyote kati yetu.

"Ombati," Janeffer akaita kutoka ndani. Hakuwahi kuambiwa na mtu jina langu, labda alilisikia tukizozana. "Ombati, usigonge tena. Tafadhali."

Kimeli ndiye aliyeamua. Nataka hilo lieleweke. Lakini ni mimi niliyeinama nikaokota bisibisi, nikaifuta kwa shati, nikaisimamisha katikati ya kizibo cha tatu.

Nikagonga.