Kiti cha Garland Pruitt

Kiti kipya cha Garland Pruitt kilitoka na umbo la mtu mwingine.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, ndani ya gereji iliyo nyuma ya nyumba yake, na mbio za magari za Piney Gap zilikuwa Jumamosi. Garland na mdogo wake Denver walifanya kama wanavyofanya madereva wote wa milima ile. Walitandaza ndani ya kiti cha bati mfuko wa nailoni wenye punje nyeupe ndogo kama mchele, wakamimina gundi, na Garland akakaa juu yake amevaa ovaroli na helmeti, mikono kwenye usukani, miguu kwenye pedali. Akatulia nusu saa bila kutikisika hadi gundi ikakauka. Kiti cha namna hiyo humshika dereva kama ganda linavyoshika karanga. Hakimfai mtu mwingine yeyote.

Denver akamsaidia kutoka. Wakakitazama.

"Kaka, umekula biskuti ngapi leo?" Denver akauliza. "Ona kiuno hicho. Hapo anakaa ng'ombe."

Garland hakucheka. Yeye ni mwembamba, na mabega yake yamenyooka. Alama iliyobaki kwenye kiti ilikuwa ya mtu mnene, na bega la kushoto lilikuwa chini ya la kulia kwa vidole vitatu.

"Ulikaa upande," Denver akasema.

"Sikukaa upande."

"Basi gundi mbovu. Tutarudia kesho."

Jumanne wakarudia. Kikatoka vilevile, vidole vitatu. Safari hii kilitoa harufu ya tumbaku ya kutafuna, ile yenye mnanaa. Katika ukoo wa Pruitt hakuna anayetafuna tumbaku. Iliwaulia baba yao, na mama yao haivumilii hata uani.

Denver aligusa lile bega la kushoto. "Royce Mabry alikuwa na bega kama hili," akasema. "Unakumbuka alivyoanguka kutoka banda la tumbaku, tulipokuwa wadogo?"

"Acha upuuzi."

Lakini Garland alitoka nje, akavuta milango yote ya gereji wazi, harufu itoke.

Royce Mabry alikuwa amekufa miaka miwili nyuma, kwenye kona ya tatu ya uwanja huohuo wa Piney Gap. Katika mbio zile kugusana si kosa. Ukimgusa mwenzako katikati ya bampa la nyuma, unamwambia akupishe. Ila ukimgusa kwenye pembe ya nyuma ya kulia, gari lake hugeuka likaenda ukutani kichwa mbele, na hakuna dereva asiyelijua hilo. Garland alilijua. Royce alikuwa amemshinda wiki mbili mfululizo, akamcheka mbele ya watu. Wiki ya tatu Garland akamgusa kwenye ile pembe. Gari likagonga ukuta, likawaka.

Siku ya mazishi Garland aliweka mkono juu ya jeneza, mbele ya mama yake Royce, Bi Verna Mabry, akaapa kwa jina la Mungu kwamba usukani wake ulivunjika. Watu walimwamini. Denver alimwamini kuliko wote. Bi Verna hakumtazama usoni. Aliutazama ule mkono.

Hapakuwa na muda wa kutengeneza kiti kingine, wakakifunga kilekile ndani ya gari la Garland. Alhamisi mchana ndugu wawili walikwenda uwanjani kujaribu magari. Mke wa Garland, Janeen, alipanda juu ya paa la jukwaa na redio yake kama kawaida, kwa maana dereva aliyefungwa kwenye kiti kile huona mbele tu, na anahitaji macho ya mtu mwingine kumwambia nani yuko ubavuni mwake.

"Yupo ndani, kushoto kwako," Janeen alikuwa akisema. "Bado yupo. Bado. Haya, wazi."

Mizunguko kumi ilipita salama. Kisha Garland akahisi mikanda inajikaza yenyewe kifuani, na harufu ya mnanaa ikajaa ndani ya helmeti, na akasikia pumzi mbili, moja yake na nyingine ya mtu mzito aliyekaa mahali palepale alipokaa yeye, mgongo ndani ya mgongo, mapaja ndani ya mapaja. Gari la buluu la Denver lilikuwa mbele yake likiingia kona ya tatu, na mguu wa Garland ukakanyaga bila yeye kuuamuru, na mikono yake ikauvuta usukani kulia, polepole, kwa ustadi, kama mikono ya mtu aliyeifikiria kazi hii kwa muda mrefu, na ingawa aliomba na kulia na kuvuta kushoto kwa nguvu zote alizopewa na Mungu, pua ya gari lake ilikwenda moja kwa moja kwenye ile pembe ya nyuma ya kulia.

Bampa likagusa. Gari la buluu likazunguka mara mbili, likasimama shubiri moja kutoka ukutani.

Denver alikuja kwa miguu, helmeti mkononi.

"Una wazimu wewe? Umenigonga pembe ya kulia! Ya kulia, Garland!"

"Si mimi."

"Nani basi, bibi yako?"

Janeen alikuwa ameshuka kutoka juu. Midomo yake ilikuwa imepauka. "Denver, punguza sauti," akanong'ona. "Nimesikia kwenye redio. Kuna mtu alisema, 'Mtoto wa mama yake, kwa mtoto wa mama yangu. Jumamosi.' Haikuwa sauti ya mume wangu. Nimelala na sauti yake miaka kumi na moja, naijua."

Denver alimtazama, kisha akamtazama kaka yake. "Royce? Royce ana kisa gani na sisi? Usukani ulivunjika. Si ndiyo, kaka?"

"Ndiyo," Garland akasema.

"Basi usishindane Jumamosi. Kaa nyumbani, ulale."

Ingekuwa rahisi hivyo, ingetosha. Ijumaa asubuhi Denver alikuja kurudisha jeki. Garland alikuwa ndani ya pikapu, anataka kwenda kanisani kumwona mchungaji. Aliona mgongo wa mdogo wake ukipita mbele ya bampa, na pikapu ikaruka. Denver alijitupa kwenye nyasi. Pikapu ikavunja uzio na kuzama kwenye banda la kuku, na Garland alikuwa analia kwa sauti huku mguu wake ungali unakanyaga mafuta hadi mwisho, na Janeen ndiye aliyeingiza mkono dirishani akaizima kwa ufunguo.

"Twende kwa Bi Verna," akasema. "Sasa hivi."

"Popote, si kwake."

"Kuna mwingine unayemjua?"

Hakuwapo mwingine. Bi Verna alikuwa na kipawa cha kutoa moto. Aliyeungua alipelekwa kwake, naye alipuliza jeraha mara tatu, akanong'ona maneno asiyomfundisha mtu, na maumivu yakatoka. Kipawa kile hakishukuriwi, ukishukuru hakifanyi kazi. Alikuwa amewatoa moto nusu ya watu wa bonde lile. Mwanawe alipoungua, alifika akiwa amechelewa.

Janeen na Garland walimkuta barazani, bakuli la maharage mabichi mapajani, anayakata ncha. Hakuinuka.

"Mlete karibu," akamwambia Janeen. "Na huyo mwingine pia."

"Unamwona?" Janeen akanong'ona.

"Namnusa."

"Bi Verna, nisamehe kusema hivi. Ni Royce. Anamtesa mume wangu."

"Si Royce. Mwanangu amelala kwa Bwana wake, hatumwi huku na huku kama tarishi." Akaweka bakuli chini. Akamtazama Garland machoni kwa mara ya kwanza tangu mazishi. "Wewe uliyekaa humo. Kama ni mwanangu, niambie alichoniambia asubuhi ile, mlangoni, kabla hajaondoka."

Kinywa cha Garland kikafunguka. Kikatoa kicheko kinene na harufu ya mnanaa, lakini jibu hakikutoa.

"Halijui," Bi Verna akasema. "Linajua bega lake kwa sababu nililitaja. Linajua tumbaku yake kwa sababu niliililia. Asubuhi ile sikuwahi kuitamka mbele ya mtu, wala kwenye maombi. Miaka miwili nimepiga magoti kila alfajiri, nikaomba damu ya Pruitt. Nilidhani naongea na Mungu. Kumbe kuna mwingine alikuwa anasikiliza."

Garland alianguka magotini. "Litoe, mama. Litamuua Denver."

"Lile bati lako la gereji ni bati tu. Kiti ni wewe. Na limekukalia vizuri kwa sababu umelitandikia uongo." Akaokota harage moja, akalivunja. "Uliapa mbele za watu. Utaukana uongo huo mbele za watu. Kesho, kwenye kikao cha madereva. Nitakuwapo."

"Denver atasikia."

"Eeh," Bi Verna akasema. "Atasikia."

Jumamosi saa nne madereva ishirini na sita walisimama nyuma ya karakana ya uwanja. Mchungaji aliomba, kofia zikiwa vifuani. Kabla hawajazivaa tena, Garland aliinua mkono, akasema ana neno, na papo hapo ulimi wake ukawa mzito kama nyama iliyoganda, na kitu kikapanda kutoka kiunoni kuelekea kooni, na mikono yake ikaanza kunyooka kumwelekea Denver aliyekuwa hatua moja tu mbele yake, vidole vimekunjuka kwa upana wa shingo ya mtu, lakini katikati ya vita hivyo, machozi na mate yakimtiririka, aliyasukuma maneno nje moja moja: kwamba usukani haukuvunjika, kwamba alimgusa Royce Mabry kwenye pembe ya kulia kwa kukusudia, kwamba alijua lile litakalotokea, kwamba aliapa uongo juu ya maiti.

Bi Verna alipita katikati ya wanaume wale, wakampisha. Akafika mgongoni kwa Garland, akainua kiganja, na hapo akasimama. Wote walimwona amesimama. Mikono ya Garland ilikuwa imeshafika shingoni kwa Denver, na yule mama aliyezika mwanawe alitazama kwa muda ambao mtu angeweza kuhesabu hadi tano.

Kisha akashusha kiganja mgongoni kwa Garland. Akapuliza mara tatu, akanong'ona.

Ndani ya gari la Garland, lililobaki uwanjani tangu Alhamisi, kile kiti kilipasuka kwa mlio kama wa bunduki. Garland akadondoka chini, mwepesi, kama nguo iliyochomoka kwenye kamba.

Denver alikuwa anashika koo lake, anatafuta pumzi. "Alhamisi nilikuuliza," akasema. "Nikakuuliza kama mtoto. Ukasema ndiyo."

"Dogo, nisikilize..."

"Kamwambie mama mwenyewe. Mimi siwezi." Akavaa kofia yake, akaondoka. Hakushindana siku ile, wala hakuingia tena kwenye gereji ya kaka yake.

Garland aliinua uso kumtazama Bi Verna. "Umenisamehe."

"Sijakusamehe," akasema. "Nimelitoa kwa sababu mama yako yu hai, na haya niliyonayo simtakii mwanamke mwingine. Wewe nenda kwa serikali ukaseme ulichosema hapa."

Garland alikwenda. Janeen alimpeleka, na pikapu aliendesha yeye.

Jumapili alfajiri Bi Verna alipiga magoti kando ya kitanda chake. Alikusudia kumshukuru Mungu na kuomba toba. Chumba kilikuwa kimya, na chai yake ilikuwa inapoa juu ya kabati. Kabla hajafungua kinywa, alihisi godoro linabonyea kidogo upande wake wa kulia, kama mtu mwingine ameegemeza viwiko vyake pale kusali naye. Na sauti ya upole, ya subira, sauti ambayo sasa haikujisumbua kufanana na ya mwanawe, ikamuuliza sikioni:

"Sasa zamu ya nani?"

Bi Verna, Mungu amrehemu, hakujibu upesi.