Yaoska Aacha Kuitikia

Kila asubuhi, baada ya wali wa maharage na kipande cha jibini, Yaoska alikwenda shule ya viziwi mjini Estelí pamoja na rafiki yake Tamara. Tamara alisikia kidogo kwa sikio moja, na mikono yake ilizungumza upesi kama cherehani. Yaoska hakusikia kabisa. Alilelewa na bibi yake huko milimani kwenye mashamba ya kahawa, wakielewana kwa ishara zao wenyewe. Sasa alikuwa na miaka kumi na mmoja, na lugha ya ishara ya shuleni ilimpita kushoto. Kila alipoulizwa kama ameelewa, aliitikia kwa kichwa.

Siku moja ilitangazwa kuwa Bi Ninoska, ambaye naye ni kiziwi, angekuja kupima ujuzi wa kila mtoto katika lugha ya ishara. Watoto wangetazama filamu fupi isiyo na maneno, kisha wasimulie walichokiona. Yaoska alikosa raha. Aliogopa kurudishwa kwa watoto wadogo.

"Usijali," Tamara alimwambia kwa mikono. "Natangulia mimi. Nikitoka nakufundisha yote."

Akamfundisha kweli, nyuma ya jiko la shule, na Yaoska akaikariri hadithi ishara kwa ishara. Zamu yake ilipofika, aliingia, akatazama filamu, kisha akasimulia bila kukwama.

"Kwa nini yule mvulana wa kwenye filamu alilia?" Bi Ninoska akauliza.

Yaoska aliitikia kwa kichwa.

Bi Ninoska akarudia swali. Yaoska akaitikia tena. Mama yule akaweka kalamu chini, akasubiri bila kukasirika. Machozi yalimlenga Yaoska. Kwa mara ya kwanza tangu afike shuleni, alifanya ishara ya "sijaelewa." Kisha akaeleza, kwa kuonyesha mlango na kuiga mikono ya Tamara, kwamba alikuwa amefundishwa.

Bi Ninoska akamwashiria asimulie jambo lake mwenyewe, kwa namna yoyote. Yaoska akatumia ishara za bibi yake. Alisimulia jinsi kuku wao alivyoangua mayai ya bata, vifaranga wakajitosa mtoni, na kuku akabaki akihangaika ukingoni kama aliyepagawa. Bi Ninoska alicheka hadi akafuta macho.

Baadaye aliwaita wasichana wote wawili. Alisema Yaoska angejifunza asubuhi na wanaoanza, mchana na wenzake wa rika. Tamara, aliyekuwa ameinamisha kichwa, akaomba radhi.

"Ulitaka kumsaidia," Bi Ninoska alimwambia, akifanya ishara polepole ili wote wamfuate. "Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Leo ningempa alama za bure, mwaka mzima angekaa darasani haelewi kitu. Hadithi anazo tele, kinachopungua ni lugha, na lugha hufundishwa. Anayesema hajaelewa ameshaanza kujifunza."

Ishara za mwisho zilimpita Yaoska. Safari hii hakuitikia. Alimgusa Bi Ninoska mkono, akamwomba arudie.