Kinyozi Aliamka, Simu Ikalia

Watu wa Nordby, nipeni masikio niwasimulie habari za Lowell Tveit, maana wengi wenu mnamjua kwa kelele zake tu, hamjui kilichompata. Na ninyi mlio mbali na Minnesota msiinuke bado. Jambo hili linaweza kuingia nyumba yoyote yenye runinga na simu.

Jioni ile ya Alhamisi, mwezi wa Mei, nyumba ya Lowell ilikuwa imetulia tuli. Barafu ya ziwani ilikwisha kuyeyuka na dirisha la jikoni lilikuwa wazi kwa mara ya kwanza tangu vuli. Mzee alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati safi kama mtu anayengoja wageni, ingawa hakuna mgeni aliyealikwa. Wanawake wa kanisa walimwomba akatazame runinga pamoja nao kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, wakamwahidi kahawa na keki, naye akawaambia ana shughuli. Alipasha moto chakula chake cha nyama na tambi, akakiweka kwenye kimeza cha kukunja, akakaa mbele ya runinga. Kiti cha pili kilikuwa cha marehemu mkewe, Arlys, na hakuna aliyeruhusiwa kukikalia.

Siku hiyo ndipo kichekesho cha Kinyozi Huff kilipokuwa kinafikia mwisho. Miaka minane nchi nzima ilimcheka Huff, kinyozi mzembe mwenye moyo mzuri, pamoja na mkewe Nettie mwenye mdomo mkali na wapangaji wao wa ghorofani. Arlys alikipenda kipindi kile kupita kiasi. Alikitazama miaka miwili, kisha saratani ikamchukua.

Hapo inabidi niwaeleze habari ya simu. Lowell na Arlys walikuwa na mtoto mmoja, Karna, aliyeolewa na kuhamia Billings, Montana. Baada ya mazishi baba na binti walijaribu kupigiana simu, lakini hawakuwa na la kusema. Arlys ndiye aliyekuwa msemaji wa nyumba ile. Wawili hawa walikuwa wakisikilizana wanavyopumua, kila mmoja akitafuta namna ya kuaga bila kumuumiza mwenzake. Ndipo wakabuni njia. Kule Billings kipindi kilionyeshwa saa moja baada ya huku kwetu. Kikiisha, Karna alipiga simu, akaiacha ilie mara mbili, akakata. Maana yake: nimetazama, nimecheka, mimi mzima, lala salama. Lowell hakupokea. Alinyoosha mkono, akagusa simu ukutani, akazima taa. Siku hizi mngesema wanabipiana.

Sisemi kwamba walikosea kuanza hivyo. Mtu mwenye majonzi hushika chochote kilicho karibu. Kosa lao lilikuwa kuridhika, wakaacha kinyozi wa kwenye runinga awasemee miaka sita.

Basi kipindi kikaanza. Lowell alicheka mwanzo, akacheka katikati. Kisha, dakika za mwisho kabisa, Kinyozi Huff akafumbua macho. Alikuwa amejilaza kwenye kiti chake mwenyewe cha kunyolea, na povu la sabuni halijakauka kwenye brashi. Mteja mmoja akamwambia, "Bwana, umesinzia dakika tano nzima." Hakukuwa na mke wala mpangaji, yote yalikuwa ndoto. Huff akatazama nje, akamwona Nettie akipita barabarani, mgeni tu, wala hakugeuza shingo. Muziki ukapigwa, majina yakapita, kwisha.

Lowell alikaa na uma mkononi. Alitazama kile kiti cha pili. Alikumbuka Arlys alivyokuwa akicheka mpaka anashika mbavu, akimwomba azime runinga apumue kidogo. Sasa hao watunzi wanasema watu aliowacheka hawakuwepo. Mzee aliona kama vile wamemnyang'anya kicheko cha mkewe, na kicheko kile ndicho kitu pekee cha Arlys ambacho hakikuwa kimefungwa kwenye maboksi.

Jirani yake, Verna Skoglund, aligonga mlango wa jikoni akiwa bado na aproni ya kanisani.

"Umeona, Lowell? Ukumbi mzima tumelia. Yule mama kupita dirishani vile, aisee."

"Nimeona upuuzi."

"Upuuzi gani sasa? Kijana wa watu ameamka, na mwanamke mwenyewe yuko mtaani. Si atoke akamfuate?"

"Verna, miaka minane. Miaka minane wananikalisha hapa, halafu wananiambia hakuna kitu."

"Kwani ulidhani wapo kweli? Ni wachezaji, Lowell. Wanaenda kwao wanakula."

"Arlys aliwapenda."

Verna alitaka kumshika bega, akaona uso wake, akaacha. "Njoo unywe kahawa na sisi kesho," alisema.

"Nina shughuli."

Verna akaenda zake. Jua lilikuwa halijazama vizuri simu ilipolia. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Lowell alinyoosha mkono kama kawaida ili aiguse.

Simu ikalia mara ya tatu.

Aliurudisha mkono. Simu iliendelea kulia, na haikuwa imefanya hivyo miaka yote ile. Naye, mwanamume mzima aliyefanya kazi kwenye ghala la nafaka maisha yake yote, aliiogopa. Akajiambia Karna anataka ubishi. Msichana huyo tangu utotoni alipenda hadithi zenye kugeuka mwishoni, sasa atamwambia baba yake kwamba mwisho ule ni wa kitaalamu, kwamba yeye ni mzee haelewi. Na akimjibu, sauti itamkatika. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kulia kwenye simu. Kwa hiyo akakaa, mikono magotini, akiitazama ikilia. Ililia muda mrefu. Kisha ikanyamaza.

Wiki iliyofuata haikulia hata mara mbili. Lowell akasema moyoni: kipindi kimekwisha, atabipu kwa ajili ya nini?

Kiangazi chote alihamia mgahawani na hasira yake. Asubuhi kabla hajavua kofia alikuwa ameshaanza na ule mwisho, jinsi ulivyoharibu kipindi kizima kuanzia siku ya kwanza. Mwanzoni watu walibishana naye kwa raha. Baadaye walichoka.

"Haya jamani, Lowell kaanza," alisema Orrin, mwenye mgahawa.

"Sijaanza. Nauliza tu. Kama yote yalikuwa ndoto, tulicheka nini?"

"Basi na kahawa hiyo ni ndoto, mzee. Usiinywe, nipe niimwage."

Watu wakacheka. Lowell akaweka kikombe chini, akatoka, na kuanzia siku ile akawa anakunywa kahawa yake nyumbani peke yake. Siku yake ya kuzaliwa ilifika Julai, ya Karna ikafika Agosti. Hakuna aliyempigia mwenzake. Kila mmoja alikuwa akingoja, na ninyi mnajua kungoja kwa aina hiyo kunavyogeuka kuwa mazoea.

Oktoba, majani yalipokuwa yamekwisha kuanguka, stesheni moja ilianza kurudia Kinyozi Huff tangu mwanzo, kila alasiri. Lowell aliapa hatazami. Lakini siku moja alikuwa akimenya viazi na runinga imewashwa nyuma yake, akamsikia Nettie akiuliza nani ametia mafuta ya nywele kwenye supu. Kabla hajajizuia, alicheka. Alicheka pale pale Arlys alipokuwa akicheka, na alimsikia kabisa, ile pumzi yake ya kukatika na mkono unaopiga kiti. Supu ile ilikuwa ndoto ya kinyozi, na bado ilichekesha vilevile. Mzee aliweka kisu chini, akalia huku amesimama, akaona aibu ya kiangazi chote.

Alitaka kumwambia mtu, na mtu huyo alikuwa mmoja tu. Akapiga Billings. Naye hakukata baada ya mlio wa pili.

Aliyepokea ni Duane, mume wa Karna.

"Mzee Tveit?" Duane alisikika kama aliyeshtuka. "Karna hayupo hapa. Ameondoka tangu Mei."

"Ameondoka kwenda wapi?"

"Hakukwambia? Yuko Great Falls, duka la mikate. Sisi tulishindwana, mzee. Kosa langu zaidi." Alikohoa. "Mimi nilijua angekuja kwako. Ndivyo alivyosema. Ile siku ya mwisho ya Huff alikaa hapa jikoni, sanduku miguuni, akakupigia aombe kurudi nyumbani. Aliacha ikalia muda mrefu. Nikamwambia labda umetoka. Akasema, 'Baba hatoki Alhamisi.'"

"Alikitazama kipindi?"

"Kipindi gani, mzee? Runinga hata haikuwashwa."

Duane alimpa namba, naye akaiandika kwenye ukingo wa gazeti. Kisha akapiga.

"Hallo," alisema Karna.

"Ni mimi. Baba yako."

Kwa mbali alisikia trei za mikate zikigongana.

"Nimeongea na Duane," alisema Lowell. "Amenieleza. Sikujua, mwanangu."

"Haidhuru, baba. Nilijua umelala. Nilijiambia, baba kasinzia kwenye kiti, mwache mzee wa watu apumzike. Ndicho kilichonisaidia siku zile, kujua kwamba umelala tu."

Hapo, ndugu zangu, mlango ulikuwa wazi. Neno moja tu, ndiyo, na wote wawili wangepona. Lowell aliliona neno lile likining'inia mbele yake. Lakini alikuwa amelalamika miezi mitano kwamba usingizi wa kinyozi ni hila ya kudanganya watu wanaokupenda, na hakuweza kufanya hila ile ile kwa binti yake.

"Sikulala," alisema. "Nilikuwa nimekaa hapa. Niliisikia yote."

Lowell alidhani simu imekatika, akaita jina lake.

"Kwa nini?" aliuliza Karna, na sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Nilikuwa nimekasirikia kipindi. Nikaogopa kulia ukanisikia."

"Kipindi," alisema Karna. Akalia, naye Lowell akalia, na haikuwasaidia kama alivyotumaini. "Ningetaka ungesema umelala, baba."

"Najua. Chumba chako kipo. Njoo Krismasi."

"Siji. Nimejifunza kukaa bila kuja. Si hasira. Nimejifunza tu."

"Naweza kukupigia, basi?"

"Piga. Nikiweza nitapokea." Akavuta pumzi. "Na nisipopokea, ujue nipo, nimekaa naisikia."

Lowell Tveit hupiga kila Jumapili. Mara nyingine hupokelewa, wakazungumza habari za unga na theluji. Mara nyingi simu hulia tu kule Great Falls, naye huisikiliza mpaka mwisho, kwa kuwa anaona ndicho anachostahili.

FUNZO

Msiniulize tena kama mwisho wa ndoto huharibu kichekesho. Hauharibu kitu. Kicheko ulichokwisha kucheka ni chako, na aliyecheka pembeni yako alicheka kweli, hata mtunzi akiandika nini. Kinachoharibu ni kuiachia runinga kazi ya kuzungumza na watu wako. Ikizimwa, mnabaki wageni ndani ya nyumba moja, na mtoto anayekuita unamhesabu kuwa mbishi. Mwanao akikuita, itika, hata kama unalia, hata kama huna la kusema. Kinyozi Huff alipewa nafasi ya kufumbua macho na kukuta hakuna kilichotokea. Sisi wengine tukiamka, tunakuta kila kitu kimetokea.