Goti la Namba Tisa

Kabichi ilipita juu ya vichwa vya watu ndani ya duka la vyakula la Langley Park, huko Maryland, Amerika, ikakwepa taa, ikatua mikononi mwa muuzaji aliyekuwa ameomba apelekewe aipime. Foleni nzima ilishangilia. Honorata peke yake ndiye aliyekunja uso.

"Kaka, chakula hakirushwi."

"Pole, madam. Mkono ulikuwa unaniwasha."

"Na ungempiga mtu?"

"Mimi nikirusha simkosi wa kudaka na simpigi asiyehusika. Uliza mtu yeyote kule Laurel."

Honorata alikuwa ametoka kazini, amevaa sare yake ya zambarau ya uuguzi na kilemba cha kitenge cha njano, miguu imemvimba kwa kusimama kutwa. Hakuwa na haja ya mwanamume wa kumchekesha. Lakini huyu alikuwa mrefu, mabega mapana, mwanya katikati ya meno, na Kiswahili chake cha Bungoma kilikuwa kimeishi Maryland tangu utotoni.

"Wewe ni Mtanzania, sindio? Naskia vile unaongea ni kama unaimba."

"Na wewe Mkenya. Nasikia unavyoongea kama unagombana."

"Naitwa Simiyu. Nikubebee hiyo unga?"

"Huo unga, kaka. Na nina mikono."

Alimbebea. Kituoni basi la Hyattsville likaja, wakaliacha lipite, na lile lililofuata nalo wakaliacha. Alipofika nyumbani kwa baba yake mdogo, alikokuwa akiishi, tayari simu ilikuwa inaita.

"Umefika, mrembo?"

"Ningekuwa sijafika ningepokea?"

Ndivyo yalivyoanza.

Simiyu alikuwa mrushaji wa timu ya Laurel, timu ndogo inayocheza ule mpira wa Kimarekani wenye umbo la yai. Mchezo wenyewe Honorata aliuona ni vurugu tupu ya watu kuangushana, mpaka alipofundishwa kumtazama mtu mmoja tu, namba tisa, ambaye kila kitu kinaanzia mkononi mwake. Baada ya hapo hakukosa mechi. Kaka yake Clement ndiye aliyekuwa akimpeleka kwa gari, na haukupita muda Clement na Simiyu wakawa marafiki kiasi kwamba Honorata alilalamika.

"Nimpigie nani sasa, mchumba wangu au wa Clement?"

"Shemeji yangu ananielewa. Wewe unanisumbua tu," Simiyu alimjibu, na Honorata akamfinya.

Kisha jambo baya likatokea. Clement alipasukiwa na tairi kando ya barabara kuu, na alipokuwa ameinama kulibadilisha, polisi wawili wakamdhania mwizi wa gari lake mwenyewe. Walipomwachia, mkono wake wa kulia ulikuwa umevunjwa. Madaktari walishona, wakaunga, lakini vidole havikukunjika tena sawasawa. Kazi yake ya kubeba mizigo ghalani ikaishia hapo.

Mwaka ule televisheni zote zilikuwa zikibishana juu ya wachezaji wanaopiga goti wakati wa wimbo wa taifa kupinga ukatili wa polisi kwa watu weusi. Simiyu hakubishana na mtu. Mechi ya kwanza ya msimu, wimbo ulipoanza, aliweka goti moja chini, akainamisha kichwa. Kule juu jukwaani Clement alilia waziwazi, na Honorata akajua kwamba ataolewa na mtu huyu au hataolewa kabisa.

Juma lile lile mwenye timu akamvua namba.

Baada ya misa ya Kiswahili, ukumbi wa kanisa uligeuka bunge. Kina mama waliokuwa wakimimina chai walisema kijana arudishwe, kwani anarusha kwa goti? Wazee wakasema timu ni ya wenyewe, na mwenye timu ana haki ya kumchagua anayemtaka. Baba mdogo Gervas, aliyempokea Honorata na Clement Amerika na kuwalea kama wanawe, aliweka kikombe chini.

"Hastahili namba. Sisi hapa kila mtu ana makaratasi yake ya ukaazi anahangaikia. Huyu anatuletea macho ya watu."

"Baba mdogo, alipiga goti kwa ajili ya Clement. Clement wako," Honorata alisema.

"Mkono wa Clement utapona. Jina likishaharibika haliponi."

"Basi jina ulinde wewe. Mimi naondoka."

Kina mama wakaacha kumimina chai. Binti wa Kichaga kumjibu baba yake mdogo mbele ya watu! Jioni ile alifungasha nguo zake, akapanga chumba Hyattsville kwenye nyumba ambayo bomba lake lilivuja mchana na usiku. Aliumia, maana alimpenda yule mzee. Ila kila Simiyu alipompigia na kumwambia, "Wewe ndiye kocha wangu, Hono, bila wewe ningekuwa nimeanguka," maumivu yalipungua.

Mwisho wa kiangazi zikaja habari mbili kwa mpigo. Kwanza, Simiyu amerudishiwa namba. Pili, mama mdogo Dorothea alipiga simu kwa sauti ya asali: "Jumapili uje nyumbani, mwanangu. Vaa kitenge kizuri. Kuna wageni."

Honorata si mtoto, alijua wageni wa kitenge ni wageni gani. Alicheka peke yake jikoni. Wazee wamelainika! Mwenye timu amelainika! Akampigia Simiyu.

"Kesho uwanjani tutapiga goti wote. Wewe huko chini, mimi huku juu. Nimeamua."

Upande wa pili kulikuwa kimya kidogo.

"Uko hapo, mpenzi?"

"Niko. Usichafue gauni, sweetie," Simiyu alisema, na Honorata akalichukua kama utani wake wa kila siku.

Jumamosi alivaa gauni jeupe, na juu yake jezi ya namba tisa iliyomfika magotini. Wimbo ulipoanza, watu wote wakasimama. Honorata akashuka, goti likagusa sementi yenye moto wa jua. Nyuma yake mwanamume mmoja akamzomea. Kikombe cha soda kikamwagikia mgongoni. Hakugeuka, alikuwa anamtafuta namba tisa.

Namba tisa alikuwa amesimama. Mgongo umenyooka, mkono wa kulia uko kifuani, macho kwenye bendera. Alisimama hivyo mpaka neno la mwisho.

"Dada, inuka," Clement alimnong'oneza. "Inuka twende."

Walikaa garini nje ya uwanja mpaka mechi ikaisha, na walipoondoka simu iliita njia nzima. Alipokea walipokuwa wamesimama kwenye taa nyekundu.

"Hono, nisikie kwanza. Ni kwa ajili yetu."

"Nani kasema?"

"Uncle wangu Silvanus alienda kwa mzee wenu kubisha hodi. Mzee akasema posa haipokelewi mpaka nirudi kwa timu, na nisimame. Mwenye timu naye anasema hivyo hivyo. Wakakubaliana. Ningefanya nini? Nikupoteze?"

"Lini?"

"Wiki mbili hivi."

"Wiki mbili unanipigia asubuhi na jioni, unaniita kocha. Jana nimekwambia nitapiga goti, ukanyamaza. Umeniacha nikapige peke yangu, Simiyu!"

"Mambo ya posa, wazee walisema msichana haambiwi."

"Wazee wana desturi yao. Wewe ulikuwa na mdomo."

"Kesho utakuja?"

Alimtazama Clement, aliyekuwa akiendesha kwa mkono mmoja.

"Nitakuja," alisema, na Simiyu akashusha pumzi kama mtu aliyesamehewa.

Jumapili sebule ya baba mdogo ilijaa marashi na harufu ya pilau. Silvanus alikuwa ameshasema yale yote ya kuona ua zuri kwenye bustani hii, na wazee walishacheka. Simiyu alikaa pembeni, suti ya kijivu, kiganja kikipapasa kitu mfukoni. Honorata akaitwa kutoka chumbani. Alikuwa amevaa kitenge kama alivyoagizwa, na mama mdogo Dorothea alikuwa tayari na kigelegele kooni.

Baba mdogo Gervas akauliza swali ambalo kila binti wa pale huulizwa, na ambalo jibu lake kila mtu hulijua.

"Mwanangu, huyu kijana unamfahamu?"

Honorata alimtazama. Alimtazama sana, mpaka Simiyu akainamisha macho.

"Nilimfahamu mmoja anayefanana naye," alisema. "Huyu simfahamu."

Silvanus alikohoa. Baba mdogo akaanza, "Honorata, usitutie aibu," lakini hakumaliza, kwa sababu Simiyu alikuwa ameteremka kitini. Goti moja lilikuwa kwenye zulia, kisanduku cha pete kimefunguka mkononi, machozi yanamtoka kweli.

"Hono, tafadhali. Niko hapa sasa."

Lilikuwa goti lile lile la kulia. Honorata alilitambua, na moyo wake ulimwendea mbio. Kama angekuwa mwongo angempa kidole.

"Inuka, Simiyu. Jana ndipo nilipokuwa nalihitaji."

Alimshika baba yake mdogo mguu, akamwomba radhi, na akatoka. Clement alikuwa amemtangulia mlangoni, anahangaika na kitasa kwa mkono ule mbovu. Honorata hakumsaidia. Alisubiri mpaka mlango ukafunguka.

Ndani ya gari ndipo alipolia, kilemba kikamwanguka na asikiokote.

"Bado unampenda?" Clement aliuliza.

"Nampenda," alisema Honorata. "Washa gari."