Waya Mweusi Mita Ishirini

Kaunta ya duka la spea ilijaa watu, kila mmoja anapiga kelele kuliko mwenzake. "Nipe waya mweusi mita ishirini!" alisema kijana mmoja, mguu wake ukichezacheza sakafuni. Alikuwa mpima ardhi, shati limenyooka, viatu vumbi tupu, mtu asiyeweza kutulia hata umlipe.

"Mweusi wote?" aliuliza dada aliyebanana naye, ovaroli ya buluu, kilemba cha njano, bisibisi mfukoni. "Unafunga pikipiki au unafunga mzigo?"

"Pikipiki. Ya marehemu baba."

"Pole. Lakini nyaya zote rangi moja, kaka yangu, utabonyeza honi iwake taa!"

Watu wakacheka. Mpima naye akacheka, kisha akaomba namba ya simu.

Dada huyo alikuwa fundi wa kusuka mota. Jioni akitoka kazini alipitia uani kwa kina mpima, na mama mtu akaanza kuweka kigoda cha pili bila kuambiwa. Fundi alifunga kitambaa kwenye kila ncha ya waya: cha njano taa, cha kijani honi, cheupe ule wa arthi, unaokazwa kwenye fremu ili umeme urudi kwenye betri. Mpima alihangaika na ekzosi. Alisugua kutu, akachomelea kiraka, akapuliza kuona kama inavuja, akainuka na mdomo mweusi tii.

"Waya Mweusi," fundi akambatiza, "njoo nikufute."

Mapenzi yalianzia hapo, kusema kweli.

Lakini mpima alikuwa amepata kazi mpya, mwendo wa siku nzima kutoka pale, na sharti lake ni mtu awe na usafiri wake. Kuripoti ni Jumatatu. Alhamisi taa ziliwaka, wakapiga makofi. Halafu fundi akaweka bisibisi chini.

"Ikinguruma tu, utaondoka. Natamani isiwake."

"Usiseme hivyo, mpenzi."

"Nimeshasema."

Ijumaa mpima alifunga ekzosi, akapiga kiki. Wapi! Hata taa hazikuwaka. Mama akamwambia fundi alipita mchana kuchukua koleo lake alilosahau. Damu ikamchemka, akapiga simu palepale.

"Umefanya nini kwenye nyaya?"

"Salamu kwanza, jamani."

"Jana taa zimewaka. Leo umepita, haziwaki. Na ulisema unatamani isiwake!"

"Nikitaka kukuzuia nitakuzuia kwa mdomo wangu, tena kwa sauti. Sivizii mtu kwenye waya. Kwaheri."

Mpima alipiga tena, haikupokelewa. Akapiga mara tisa.

Jumamosi mpima alizunguka uani mpaka mama akachoka kumtazama. "Utachimba kisima kwa miguu hapo. Mwenzio kakukosea nini?"

"Sijui, mama."

"Hujui, na umeshamhukumu?"

Akachuchumaa, akafuata vitambaa kimoja baada ya kingine. Kile cheupe hakikuwa cheupe tena. Kilikuwa na rangi nyekundu, ile ile aliyoipaka fremu yeye mwenyewe Alhamisi baada ya fundi kuondoka, ili asafiri na kitu cha kupendeza. Siku ile alifungua bolti ya arthi, akapaka, akakaza waya juu ya rangi. Na umeme haupiti kwenye rangi. Aibu ilimchoma mpaka masikioni.

Akakwangua kwa msasa. Kiki moja, pikipiki ikanguruma, na kiraka cha ekzosi kikafumuka papo hapo. Hakungoja kukiziba, akaelekea kazini kwa fundi.

Fundi alimsikia kabla hajamwona, na mtaa mzima pia. Akatoka karakana, koleo mkononi. Mpima hakuthubutu kuzima, asije akashindwa kuwasha tena.

"Ni rangi!" alipayuka. "Rangi yangu mwenyewe! Nisamehe! Naenda Jumatatu, kila wiki narudi, na nataka..."

Mngurumo ukameza yaliyobaki. Fundi akainama, akaibana kofia ya plagi kwa koleo lake lenye mishiko ya mpira, akaing'oa, injini ikazimika. Mtaa ukawa kimya, watu wakatoa vichwa madirishani.

"Haya, sasa ndiyo nimekukatia umeme, tena mbele ya macho yako," alisema. "Unataka nini?"

Mpima alishuka. Kwa mara ya kwanza miguu yake ilitulia. "Nataka kukuoa."

Fundi alimtazama, macho yamemlowa, akairudisha kofia ya plagi mahali pake.

"Basi ziba hiyo ekzosi kabla hujafika kwetu. Baba yangu ana presha."