Mshumaa Uliopinda

Kila alipotoka shuleni, Chiriku alivua sare, akanywa maji, kisha akamfuata baba yake kwenye nyumba yao mpya kufagia vumbi la saruji. Chiriku halikuwa jina lake halisi. Aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alifagia huku anaongea, alichota maji huku anaongea, na baba yake aliposema, "Mwanangu, hata redio huzimwa," alicheka, kisha akaendelea palepale alipoachia.

Alasiri moja alikuja fundi wa viyoyozi, mama mmoja mcheshi mwenye penseli sikioni. Baba alitaka mtambo wa kupoza nyumba wakati wa joto na kuipasha moto wakati wa baridi, lakini hakujua achague upi.

"Ngoja kwanza, baba," fundi alisema. "Kabla ya kuchagua mtambo, tuchague chumba. Madirisha yenu yanatazamana, kwa hiyo feni zitatosha karibu kila mahali. Lakini hakuna nyumba isiyo na chumba korofi. Hicho ndicho tutakachokipa kiyoyozi, tena kile kinachopoza na kupasha pia."

"Tutakijuaje, fundi?"

"Kwa mishumaa. Simamisheni mmoja kwenye kila dirisha, bila kuuwasha. Ule utakaopinda kwa joto la jua utatuonyesha chumba chenyewe. Kesho nitapita."

Baba alimkabidhi Chiriku mishumaa. "Kazi hii ni yako. Unajua bibi yako anakuja kuishi nasi, na daktari amesema joto kali halimfai. Tukikosea hapa, tutamtesa."

Kesho yake Chiriku alitangulia mbio, akamwacha baba nyuma. Chumbani kwake mshumaa ulikuwa umesimama wima. Katika chumba cha pembeni, kilichotengwa kwa ajili ya bibi, mshumaa ulikuwa umeinama kama mtu anayetafuta kiatu chini ya kitanda.

Lo! Darasa zima lilikuwa limeshasikia kwamba yeye atalala kwenye chumba chenye kiyoyozi. Alikuwa ameshajigamba mpaka basi, sasa atawaambia nini wenzake? Alisikia hatua za baba mlangoni. Haraka haraka akabadilisha mishumaa, uliopinda akaupeleka chumbani kwake.

"Kumbe ni chumba chako!" baba alisema.

Fundi alipofika, alikuna kichwa. "Ajabu! Ningeapa ni kile cha pembeni, kinachopigwa na jua la jioni. Haya, mshumaa umesema. Mimi ni nani nibishane nao?"

Chiriku alitazama vidole vya miguu yake.

Walihamia, na bibi akaja na mabegi yake na vichekesho vyake. Siku za mwanzo Chiriku aliwaalika rafiki zake, wakajaa chumbani kwake kufurahia ubaridi. Lakini kila alipopita chumba cha pembeni alimwona bibi anajifuta shingo kwa kanga, feni ikimpulizia hewa ya moto.

"Humu nguo zinakauka bila kamba," bibi alitania.

Chiriku alishindwa kucheka. Kwa aibu, akaanza kukwepa kukaa na bibi. Akisikia anakuja sebuleni, yeye anatoka. Akiulizwa habari za shule, anajibu "nzuri" tu. Alianza hata kuzima kiyoyozi chake, akalala anatoka jasho, akidhani anajiadhibu. Lakini jasho lake halikumpunguzia bibi joto hata kidogo.

Jumamosi moja, wakiwa mezani, bibi alisema, "Mwanangu, mmenipokea vizuri, Mungu awabariki. Lakini nitarudi kwangu."

Baba aliacha kula. "Peke yako, mama? Nani atakupa dawa?"

"Miguu imevimba mpaka viatu vinanikataa. Wacha nirudi tu."

"Ni yule fundi na mishumaa yake!" baba aliwaka. "Ametupotosha! Nitawaambia majirani wote wasimwite!"

Chiriku alirudisha tonge sahanini. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Bibi aondoke, fundi asingiziwe, na yote kwa ajili yake!

"Si fundi," alisema kwa sauti iliyosikika kwa shida. "Ni mimi. Mshumaa uliopinda ulikuwa wa chumba cha bibi. Niliuhamisha."

Baba hakupaza sauti. "Siku zote hizi ulikuwa unaiona miguu ya bibi yako ikivimba?"

"Ndiyo, baba."

Swali hilo lilimuuma kuliko fimbo. Chiriku aliinamia meza, akalia kwa kwikwi.

"Njoo hapa," bibi alimwita. Alimshika mkono. "Kwa hiyo ndiyo sababu ya kunikimbia?"

"Niliona haya, bibi. Sikuweza kukutazama."

Bibi alishusha pumzi. "Mimi nilidhani mjukuu wangu hanitaki. Joto ningelipigania na feni yangu. Kilichonishinda ni kukaa nyumba moja na chiriku asiyeniimbia. Nikasema, kama mtoto amechoka nami, niondoke."

Hapo Chiriku alilia upya. Hakuwa amejua kwamba kimya chake kilikuwa kinamfukuza bibi.

Fundi aliitwa, akahamishia kiyoyozi chumba cha pembeni. Baba alimtaka Chiriku aseme mwenyewe alichokifanya, naye akasema, uso ukimwaka, kisha akaomba radhi.

"Afadhali!" fundi alisema. "Nilikuwa nimeanza kugombana na jua." Lakini alimtazama machoni. "Mtoto, mimi nakula kwa jina langu. Usilichezee tena."

Jioni ile bibi aliweka miguu yake juu ya mto, chumba kikiwa kimepoa. Chiriku alisimama mlangoni, kichwa chini.

"Sikiliza, mjukuu wangu," bibi alisema. "Uongo uliniletea joto. Kuuficha ndiko kulikokaribia kunitoa humu. Ukikosea, sema mapema, hata kama uso unaungua. Ukinyamaza, utaanza kuwakimbia hata wanaokupenda."

"Ndiyo, bibi. Na darasani pia nitasema."

"Vyema. Sasa kaa hapa kitandani, unipe habari zote za shule ulizoninyima. Anzia siku niliyofika."

Chiriku alifuta machozi, akakaa, akaanza.