Mwana wa Dada Yangu Alizitaja Sauti Zetu

Wasomaji wenzangu, nina miaka sitini na sita, mjane, naishi Garissa. Haya yalinipata miaka ya tisini, na mpaka leo nikipita sokoni wenzangu hunipa mgongo.

Dada yangu alipofariki aliniachia Yasin, akiwa bado ananyonya. Nilimnyonyesha pamoja na wangu. Kwa maziwa ya ngamia niliyouza, nilimsomesha hadi akaingia chuo kikuu Nairobi. Nilijivuna mno! Nani asingejivuna?

Wakati huo askari wa kizuizi cha karibu na daraja walikuwa wakimwaga maziwa yetu, ati wanatafuta silaha ndani ya jerikeni. Silaha ndani ya maziwa, jamani! Tukaketi barabarani, jerikeni tupu tukazigeuza ngoma, tukaimba buraanbur, mashairi yetu ya kina mama. Wakubwa yaliwachoma. Wakataka kujua nani anayatunga.

Kwetu Wasomali, anayekariri shairi lazima kwanza amtaje mtunzi. Asipomtaja ameiba. Lakini sisi tuliapa kwamba mashairi ya barabarani hayana mwenyewe. Hata mume asiambiwe.

Likizo ikafika, Yasin akaja na redio ya kaseti. Alisema taasisi moja ya Nairobi imempa kazi ya utafiti, achunguze maandamano yetu na kurekodi nyimbo. Rafiki yangu Kaltuma, tuliyeuza naye maziwa tangu usichana, alikataa katakata kurekodiwa. Nikamwambia huyu ni mtoto wetu, amekunywa maziwa ya kila mmoja wetu. Akakubali kwa ajili yangu... kwa ajili yangu!

Haukupita muda nikakamatwa. Kituoni nilikuta ile redio mezani, na Yasin ameketi kando ya afande, anakunywa soda.

"Mama, nani anatunga haya?" afande akauliza.

"Wallahi afande, hiyo wimbo hana mwenyewe," nikajibu.

Kaseti ikazunguka, na Yasin akaanza. Hii sauti ya Kaltuma. Hii ya Halima. Hii ya habaryar, na aliyatunga mwenyewe... Habaryar, yaani mama mdogo, ndivyo alivyoniita tangu ajue kusema! Nikamuuliza kwa Kisomali, mwanangu, kwa nini?

"Si wewe uliyenifundisha kumtaja mtunzi?" akanijibu, kisha akamtafsiria afande. Wakacheka wote wawili.

Baadaye nilisikia kwamba alikuwa ameahidiwa kazi serikalini.

Wenzangu waliletwa siku hiyo hiyo. Walinikuta nimeshafika, wakaamini mimi ndiye niliyewataja. Niliapa, nililia, nani angenisikiliza? Kaltuma alikuwa mjamzito. Alilazwa kwenye sakafu tupu, na mimba ikatoka pale pale tukitazama. Niliponyosha mkono nimshike, alinitazama machoni.

"Usiniguse, Habiba. Mtoto wako ameshiba?"

Tulipoachiliwa, Yasin alikuwa na ofisi na viatu vipya. Hakuwahi kunitafuta. Maziwa yangu yalichachia mikononi, kwa sababu hakuna aliyetaka kuketi karibu nami.

Dada zangu mnaonisoma, nawasihi! Mpende mtoto wako upendavyo, lakini usimdhamini kwa siri ya wenzako. Mtoto ni wako, siri si yako. Mimi nilichanganya hivyo viwili, na sina tena wa kumsalimia.

Asubuhi moja niliwakuta wakiimba buraanbur mpya, juu ya mwanamke aliyelea fisi kisha akamfungulia zizi la jirani. Watoto wa soko walikuwa wameshaishika. Niliuliza nani ameitunga.

Kaltuma alifunga jerikeni yake taratibu, bila kuniangalia.

"Haina mwenyewe," akasema.